Kinyozi na Tangi la Hita

Jumatatu, 2 Juni

Wamefika, na gari wamefika nalo. Binti yangu aliponiambia kwenye simu kwamba wanakuja na nyumba yao nilidhani ananitania. Kumbe kweli. Ni gari kuukuu la kusambazia mikate. Ubavu mmoja limepakwa rangi upya, ubavu wa pili bado kuna picha ya mkate uliokatwa vipande. Wameliegesha uani karibu na kamba yangu ya nguo, na mlango wa jikoni sasa haufunguki wote. Napita upande upande kama kaa.

Binti yangu ni mpimaji wa ardhi. Kila msimu wa baridi, ardhi ikishakauka, anapelekwa milimani kupima njia ya mabomba ya maji. Mwaka jana alilala kwenye hema huko, akarudi na nimonia. Nilimuuguza humu humu ninamoandikia, nikisikiliza pumzi zake kama mtu anayesikiliza injini mbovu. Daktari alimwambia wazi kwamba mapafu yake hayatastahimili tena usiku wa namna ile. Mtu mwingine angeomba kazi ya ofisini. Yeye ameolewa na kinyozi, na wamenunua gari la mikate.

Mpango ni huu: watakaa kwangu mpaka mwisho wa Julai, walitie gari kitanda, jiko na hita, kisha wapande nalo mlimani. Yeye atapima, mume atanyoa. Mume anasema vichwa viko kila mahali.

Nimesimama kituo cha mafuta maisha yangu yote ya kazi, nimejaza magari ya kila aina. La kuhamia ndani sijawahi kuliona.

Alhamisi, 5 Juni

Mkwe wangu haongei. Ukimsalimia anaitikia vizuri, kwa adabu zote, kisha maneno yanamwishia. Sijui kinyozi wa namna gani huyo. Wale niliowazoea mimi, ukikaa kwenye kiti unatoka umepata habari za mji mzima.

Nilimuuliza binti yangu walipatanaje. Akasema alikwenda kupunguza nywele na yule mtu hakumuuliza swali hata moja, ndipo akarudi.

Jumapili, 8 Juni

Baridi. Wameweka kitanda.

Jumamosi, 14 Juni

Hita imekuja ndani ya boksi. Ni ndogo, unaweza kuibeba kwapani. Inachoma mafuta kidogo kidogo, inapuliza hewa ya moto ndani, na moshi unatolewa nje kwa bomba lake. Ila inakula dizeli, na gari la mikate linakula petroli. Kwa hiyo hita inahitaji tangi lake peke yake.

Kinyozi alikuwa ameshalitengenezea tangi nafasi: kisanduku cha mbao chini ya kitanda, kimepigwa msasa mpaka kinateleza, na mlango wenye bawaba. Amekifanyia kazi wiki nzima. Leo akaniita nikione, na hapo ndipo tulipozungumza kwa mara ya kwanza mazungumzo ya kueleweka.

“Mama, wewe umeishi na mafuta,” akasema. “Lingekuwa gari lako, tangi ungeliweka wapi?”

Nikamjibu kwamba lingekuwa langu ningeuza mikate. Sikutaka kumsaidia, niseme ukweli. Lakini alisimama tu, anangoja, kana kwamba hilo lilikuwa neno la kwanza tu la jibu refu. Ikabidi niseme. Nikamwambia mafuta hayalali na watu. Dizeli haina haraka ya kuwaka kama petroli, lakini harufu yake ikishaingia kwenye godoro haitoki, na siku likivuja mtakuwa mmelala juu ya kidimbwi. Tangi liwe nje, chini ya sakafu, na liwekewe ngao ya bati kwa ajili ya mawe.

Binti yangu akaanza kubisha kwamba huko chini kuna matope. Kinyozi hakubisha. Alikitazama kile kisanduku kidogo, akaenda kuchukua bisibisi, akakifungua ubao kwa ubao. Jioni alikuwa amezipanga mbao ukutani na kuniuliza kama ningependa zifanywe rafu ya jikoni.

Jumanne, 17 Juni

Rafu imewekwa. Imenyooka kuliko ukuta.

Jumamosi, 21 Juni

Mdogo wangu ana karakana ya kuchomelea vyuma mtaa wa pili. Ndiye aliyetengeneza geti langu, na ni hodari, ila anajua kwamba ni hodari. Kinyozi alimpelekea mchoro wa tangi, limekaa kama begi jembamba ili lienee kati ya mihimili miwili ya gari. Mdogo wangu akaucheka mchoro, akamcheka na mwenyewe. Akamuuliza kama atalipaka pafyumu baada ya kulinyoa.

Kinyozi akacheka naye. Kisha akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, akamnyoa hapo hapo, nywele na ndevu, kwa uangalifu ambao mdogo wangu hajawahi kufanyiwa na mtu yeyote, hata na mkewe. Alipoinuka pale alikuwa mpole. Tangi litakuwa tayari Jumatano.

Jumatano, 25 Juni

Tangi limekuja. Limejazwa maji, likawekwa juu ya karatasi kavu tangu asubuhi. Halikudondosha hata tone.

Jumamosi, 28 Juni

Leo ilikuwa siku ya kutoboa sakafu. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni na ungo wangu nikijifanya nachagua mchele.

Sijaona mtu akipima hivi. Alipima kwa futi, akapima kwa uzi, akakata karatasi yenye umbo la hita akailaza sakafuni, akaingia chini ya gari, akatoka, akaisogeza karatasi upana wa kidole. Binti yangu alikuwa chini na taa, na kwa kuwa hawakusikiana, walikuwa wakizungumza kwa kugonga. Akigonga mke, anagonga mume. Kazi ya kupima ni ya mke, lakini sikumsikia hata mara moja akimfundisha mumewe, na mume alikuwa akimwuliza waziwazi kila alipokuwa hana uhakika. Mimi na marehemu baba yake tusingemaliza saa moja chini ya gari lile bila mmoja kurudi kwao.

Matundu yenyewe yalichukua muda mfupi: la hewa, la moshi, na moja dogo la mrija wa mafuta. Kingo za kila tundu alizisugua kwa tupa, akazipaka rangi zisishike kutu, akavalisha kila moja kiringi cha mpira ili mrija usikatwe na bati. Halafu akachukua sumaku akapita nayo uani kote akiokota chenga za chuma. Nilimuuliza anatafuta nini. Akaangalia miguu yangu, nilikuwa peku, akaendelea.

Mikono yake imezoea vichwa vya watu. Anashika chuma kana kwamba kinaweza kuumia.

Jumatatu, 30 Juni

Mvua ndogo ya baridi. Hawakufanya kitu. Binti yangu amekohoa mara mbili, sote watatu tukajifanya hatukusikia.

Jumapili, 6 Julai

Hita imewaka.

Ilifanya kama inafikiri kwanza, ikavuma, ikatoa moshi mweupe kidogo nje, kisha hewa ya moto ikaanza kuja. Niliitwa niingie. Nilikataa, nikaingia. Ndani kulikuwa kama jikoni siku ya kuoka, na harufu ya unga ikaamka ndani ya mbao, maana gari lile halijasahau kazi yake. Binti yangu alivua sweta. Sijamwona akivua sweta tangu augue. Aliegemea mto akiwa anasema jambo fulani kuhusu mabomba, akalala katikati ya sentensi.

Naandika hapa ambapo hakuna anayesoma: nilitamani ile hita ife. Nilimtazama mwanangu amelala na joto usoni, na nilichofikiri ni kwamba sasa hakuna kitakachomzuia kwenda.

Na ikafa. Haikupita nusu saa. Ikapunguza sauti, ikakohoa, ikazima. Kinyozi akaiwasha tena, ikaenda kidogo, ikazima. Akakagua waya, akakagua pampu. Mafuta yalikuwa yamejaa. Akakaa chini kwenye saruji na mikono magotini.

Nilikwenda kutazama tangi ili nionekane nimetazama. Nikafungua kifuniko, kikavuta pumzi: fsss, kama mtu aliyekuwa amezibwa mdomo. Hapo nikajua, na nikasimama na kifuniko mkononi nikijiuliza kama nitasema.

Nikasema. Mafuta yakitoka lazima hewa iingie, ama sivyo tangi linajinyonya lenyewe mpaka pampu inashindwa. Kifuniko hakikuwa na tundu la kupumulia. Nimeyaona kituoni, magari yanasukumwa kuja kwetu yakiwa na mafuta tele.

Kinyozi alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akarudisha kifuniko, akawasha hita mpaka ikazima, akaniomba nifungue tena, asikie mwenyewe ile sauti.

Jumatatu, 7 Julai

Amekwenda kwa mdogo wangu, wametia kijibomba cha hewa juu ya tangi, kimepindwa kichwa chini maji yasiingie. Hita imewaka mchana kutwa bila kuzima. Nimekuwa nikiiacha supu yangu kila mara kwenda kuisikiliza. Sielewi mwenyewe niko upande gani.

Jumamosi, 12 Julai

Asubuhi nilipofungua mlango wa jikoni nilimwona Kinyozi akishuka garini na blanketi, peke yake. Binti yangu alikuwa bado amelala chumbani kwake.

Jumanne, 15 Julai

Tena. Na jana tena. Wamegombana hawa. Mezani wanapasiana chumvi vizuri kabisa, lakini mimi ni mtu mzima, mume halali uani bila sababu. Nimeanza kupanga nitakachosema wakinijia.

Jumatano, 16 Julai

Hawakunijia, nikawaendea. Yaani nilimwendea binti yangu akiwa anafua, nikamwuliza kwa kuzunguka, na alipozidi kutonielewa nikamwuliza bila kuzunguka.

Alicheka mpaka akashika karai. Kisha akaacha kucheka, akanieleza. Mumewe analala garini na hita inawaka, madirisha yamefungwa, na kengele ya moshi juu ya kichwa. Kila alfajiri anaandika kichwa kinauma au hakiumi. Kama kuna bomba linalopitisha moshi ndani, anataka limpate yeye kwanza. Mke haruhusiwi kulala humo mpaka mume atakapolala siku za kutosha.

“Nilimwambia tulale wote, mbona kengele ipo,” akasema binti yangu. “Akaniambia kengele nayo hajawahi kuijaribu. Akasema vinyozi wako wengi, wapimaji ni wachache.”

Aliendelea kufua. Nilichukua nguo zilizobaki nikamsaidia kusuuza, maana nilihitaji kuwa na kitu cha kufanya na mikono.

Mwezi mzima uliopita nimekuwa nikimwandika humu kama mtu asiye na neno.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempelekea chai garini, kabla hajashuka. Akashtuka mpaka akagonga kichwa. Nimemwuliza kama kinauma. Amesema sasa ndiyo.

Jumatatu, 21 Julai

Baridi imekaza. Maji ya ndoo yamepata utando mwembamba wa barafu, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Wataondoka Jumatatu ijayo. Nimewashonea mapazia manene, sijawaambia ni ya gari.

Ijumaa, 25 Julai

Wamelipeleka gari kwenye barabara ya mawe, kutwa nzima, kulitikisa. Wamerudi wamejaa vumbi na furaha. Wamelala wote garini kwa mara ya kwanza.

Jumamosi, 26 Julai

Nitaandika yote, ingawa bado nina hasira, na si hasira peke yake.

Asubuhi nilikwenda kutundika mapazia. Nilipopanda tu nikaisikia harufu. Si nyingi. Kama mtu aliyepita na kitambaa cha kufutia mikono. Niliinama kwenye mto wa upande wa binti yangu, ikawa nzito zaidi. Dizeli.

Niliwaita. Binti yangu akanusa, akasema hanusi kitu. Kinyozi akanusa kwa muda mrefu na yeye hakunusa. Lakini aliingia chini ya gari na taulo jeupe, moja ya yale anayowafunga wateja shingoni, akalipitisha kwenye kila kiungo, kila klempu, urefu wote wa mrija, na kuzunguka tangi. Akatoka, akalikunjua mbele yetu. Vumbi tu.

Nikasema harufu ipo.

Ndipo binti yangu akaniambia. Alisema nimeanza tangu siku ya kwanza. Kwanza gari baya, kisha mume mbaya, sasa harufu ambayo mimi peke yangu ndiye ninayeisikia, zimebaki siku mbili waondoke. “Sema tu hutaki niende, Mama. Sema, tujue.”

Nilisema sitaki aende. Nilisema kwa sauti ambayo nafikiri ilifika karakana ya mdogo wangu. Nikasema nimemsikiliza akihema mwaka jana na sitaki kusikiliza tena. Na nikasema harufu ipo. Yote mawili ni kweli, na moja halifuti jingine, lakini kwa vile nilivyokuwa nikipiga kelele hata mimi nisingejiamini.

Binti yangu akaingia ndani. Mlango wake ulifungwa polepole, jambo ambalo ni baya kuliko kubamiza.

Nikabaki uani na Kinyozi. Nilingoja aniambie, kwa adabu zake, kwamba taulo ni safi. Angekuwa na haki. Ile ni kazi yake ya wiki saba, na kuna watu mlimani wanamngoja mkewe Jumatano. Alilikunja taulo mara mbili, tatu, kama wafanyavyo vinyozi.

“Kuna mteja,” akasema, “anakwambia hapa wembe unanikwaruza. Unatazama, huoni kitu. Ukiendelea, damu inatoka.” Akavua koti. “Nafungua, Mama. Lakini usiondoke. Mimi nitakuwa nakuletea kimoja kimoja, wewe unanusa.”

Akafungua yote. Alimwaga mafuta kwenye dumu, akatoa pampu, akaniletea, nikanusa nje, hapana. Akatoa mrija, nikanusa, hapana. Chujio, hapana. Nilikaa kwenye kigoda kama hakimu. Baadaye binti yangu alitoka chumbani, macho yamevimba, akakaa kwenye ngazi, kisha akashika taa.

Mwisho akafungua ule mkanda wa chuma unaolishikilia tangi. Chini ya mkanda alikuwa ametandika kipande cha mpira ili chuma kisisuguane na chuma. Aliniletea ule mpira. Sikuuleta hata puani. Ulikuwa umelewa dizeli.

Alifuta tangi pale mpira ulipokuwa, akangoja, na sote watatu tukaona: kwenye mshono wa kuchomelea, ufa mwembamba kama unywele, na juu yake jasho. Tone lenyewe halikuwahi kuanguka, mpira ulikuwa ukilinywa lote na kutoa harufu yake juu, kupitia tundu la mrija, moja kwa moja kwenye mto. Barabara ya mawe ndiyo iliyoufungua ule ufa. Njia ya mlimani ni mawe matupu, siku nzima.

Hakuna aliyesema “unaona.” Binti yangu alikuja akaweka kichwa chake begani kwangu, na nywele zake zilikuwa zinanuka dizeli kweli, na sasa na yeye akainusa.

Jumapili, 27 Julai

Mdogo wangu ndiye aliyechomelea lile tangi, na anajua kwamba ni hodari. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Nilimfuata Kinyozi karakana nikiwa nimeshapanga maneno.

Kinyozi aliliweka tangi juu ya meza, akasema, “Mjomba, nadhani nilikaza mkanda kupita kiasi, mimi si mzoefu wa vyuma.” Basi. Ndivyo alivyosema, na uso wake haukuonyesha kitu.

Mdogo wangu alivaa miwani. Akapitisha ukucha kwenye ule mshono, akaurudisha.

“Hukukaza kitu wewe,” akasema. “Huu ni mkono wangu. Siku ile nilikuwa na haraka, nikaona ni kazi ya kinyozi.”

Hatalichomelea tena. Tangi lililokwisha kuonja mafuta haliguswi na moto, hilo hata mimi nalijua. Atatengeneza jipya, kwa bati nene zaidi, na aliniomba mimi nikae pale akilijaribu. Binti yangu amepiga simu milimani kusema watachelewa. Wamemkaripia kidogo, akavumilia.

Jumatano, 30 Julai

Tangi jipya. Mdogo wangu alilileta mwenyewe akiwa amelikumbatia, akaingia chini ya gari na Kinyozi wakalifunga pamoja. Walikuwa wakigonga.

Ijumaa, 1 Agosti

Barabara ya mawe tena, mara hii nilikwenda nao. Nimenusa mpaka kipaji cha uso kimeniuma. Hakuna kitu. Unga tu.

Jumamosi, 2 Agosti

Wameondoka. Binti yangu alinikumbatia, akalia kidogo, akaanza kuniagiza kuhusu dawa zangu. Kinyozi alinishika mikono yote miwili. Nilikuwa na hotuba. Nikamwambia aendeshe polepole, baba.

Jumapili, 3 Agosti

Mlango wa jikoni unafunguka wote.

Jumanne, 5 Agosti

Amepiga simu, wamefika. Anasema usiku nje maji yanaganda kwenye chupa na ndani analala na fulana. Nikamwambia akohoe nisikie. Akakohoa kwa kunitania, nikajua ni mzima.

Jumamosi, 9 Agosti

Upepo. Nimefagia uani, kuna alama ya mafuta ya injini pale gari liliposimama. Nimeiacha.

Alhamisi, 14 Agosti

Simu imekuja asubuhi, mapema kuliko kawaida yake, na nilipoiona niliwaza mapafu tu. Lakini sauti ya binti yangu ilikuwa safi. Alikuwa na hasira na alikuwa na fahari, anapanda na kushuka, ikabidi nimwambie aanze upya.

Jana jioni walikuwa wanarudi kutoka kupima. Kwenye kona ya juu kabisa wakakuta lori la viazi limeharibika, limesimama pembeni. Dereva alikuwa na mkewe, na mke alikuwa na mtoto mchanga, bado hajatimiza hata mwezi, walikuwa wanampeleka kwa bibi yake akamwone. Baridi ilikuwa imeshaanza kuuma. Barabarani hapapiti gari usiku, na gari la mikate haliwezi kuvuta lori, wala kuteremka na watu wote kwenye ile njia gizani.

Kitanda chao kinatosha watu wawili na kidogo. Kinyozi hakujadili. Alimpandisha yule mama na mtoto, akamwambia mkewe alale nao maana mapafu yake yana amri ya daktari, akajaza tangi, akaangalia kengele, akafunga mlango. Yeye na dereva wakalala kwenye kabini ya lori, chini ya magunia.

Binti yangu anasema ndani kulikuwa na joto mpaka yule mama alimvua mtoto nguo moja baada ya nyingine, akabaki na nepi tu, miguu hewani, anajinyoosha. Anasema yule mama alikuwa akimtazama tu mwanawe na kuuliza kila mara, hii haitazima? Hii haitazima? Haikuzima.

Alfajiri walipofungua mlango, mumewe alikuwa amesimama nje, ndevu zina barafu, hawezi kukunja vidole.

Nikamwambia anipe mkwe wangu.

Alikuja kwenye simu, akanisalimia kwa adabu zake zote, akaniuliza nimeamkaje, na habari za Mjomba. Nikamkatiza. Nikamwuliza hilo lori lilikosa hata vioo, mpaka agande hivyo?

“Vioo vipo, Mama,” akasema. “Nilikiteremsha cha upande wangu.”

Nikamwuliza kwa nini, kwenye baridi ile.

Akasema kwamba pampu ya hita, inapovuta mafuta, inagonga. Kidogo sana, tik, tik, kama saa ya ukutani. Kioo kikiwa juu haisikiki. Kikiwa chini, na upepo ukitulia, alikuwa anaisikia, na alijua kwamba ikiendelea kugonga wote watatu wako salama.

“Usiku kucha?” nikamwuliza.

“Kulikuwa na upepo kidogo,” akasema. “Nilikuwa naipoteza, halafu naipata.”

Nikamwomba anirudishie mke wake. Nikamwambia binti yangu achemshe maji, yawe ya uvuguvugu tu, amkalishe kitandani pale penye joto, amkande ile mikono kidole kwa kidole, na leo asimruhusu kunyoa mtu.